Simu ya ofisi ikiita tumbo linakata, hivi hii ni kazi au ni ugonjwa?

Marejesho_Mbagala

Habari za usiku wakuu. Naomba mnivumilie maelezo ni marefu kidogo, sina mtu wa kumwambia haya ana kwa ana.

Mimi ni afisa mikopo kwenye taasisi ya mikopo midogo hapa Dar, mwaka wa nne sasa. Wanaoijua hii kazi wanaijua, wasioijua ni hivi: nina vikundi 19 vya akina mama, kila kikundi kina siku yake ya marejesho. Asubuhi nafika chini ya mwembe au barazani kwa mwenyekiti wa kikundi, tunakaa kwenye viti vya plastiki, hela inahesabiwa mbele yangu, mia tano mia tano na elfu elfu zilizokunjwa zinanuka samaki, mweka hazina anaandika kwenye kaunta buku na mkutano haufungwi mpaka hesabu itimie. Akikosekana mmoja tunakaa. Wenzake wakimchangia tunaondoka, wasipomchangia tunahamia kwake wote. Nimeshakaa sebuleni kwa mtu mpaka saa tatu usiku, mwenyewe yuko chumbani analia, watoto wananiangalia na madaftari yao mapajani, na mimi kwenye simu nina meseji ya meneja inasema usitoke hapo bila hela au kitu. Siku ile tulitoka na sabufa na jiko la gesi. Lile jiko lilikuwa bado la moto.

Sasa shida sio hiyo tu. Kuna grupu la wasap la tawi. Saa kumi na moja na nusu alfajiri meneja anatupia shiti ya PAR, yaani mikopo iliyochelewa, majina yetu wote yapo, waliokaa vizuri wana kijani na sisi wengine tuna nyekundu. Halafu zinafuata voisi. Saa nne usiku tunaripoti tena umekusanya shilingi ngapi, umekwama kwa nani, kesho una mkakati gani. Jumapili pia. Ukichelewa kujibu anakutaja jina anauliza "fulani amefariki?" na wenzako wanaweka vile vikatuni vya kucheka. Hata mimi nimewahi kuviweka alipotajwa mwingine, maana usipocheka unaonekana uko upande wake.

Miezi mitatu hii mwili umenigeuka. Simu ikiita tumbo linakata nakimbilia chooni. Juzi kwenye daladala simu ya abiria mwingine iliita mlio kama wangu nikalowa jasho mgongo mzima. Nimepima taifodi, nimepima UTI, nimepima vidonda vya tumbo, na nimekunywa dawa za vyote vitatu. Usiku nastuka saa tisa kamili kama nimewekewa alamu, nakaa macho nasubiri shiti. Wateja wangu niliokuwa nataniana nao sasa hivi nawaona kero, wiki iliyopita mama mmoja kaniambia mtoto wake kalazwa nikamjibu kitu ambacho sitaki kukiandika hapa. Na nimeanza kuwalipia wateja kwa hela yangu ili jina langu lisiwe jekundu, nimekopa kwenye simu, mshahara ukiingia tarehe mbili umekwisha. Kuna wakati niko na pikipiki barabara ya Kilwa naangalia yale malori ya makontena nawaza likinipitia hili angalau nitalala.

Swali langu, hivi hii ndo kazi ilivyo na mimi nimelegea au kuna namna ya kumwambia mwajiri akaelewa bila kukufukuza? Nina mke na mtoto wa mwaka mmoja, kuacha tu siwezi.

Chuma_cha_Reli

Mkuu pole ila nikwambie ukweli, kazi zote ndo zilivyo. Kuna watu wana digrii mbili wanauza laini za simu chini ya mwavuli kwenye jua la Kariakoo. Wewe una mshahara, una pikipiki ya ofisi, unalalamika grupu la wasap? Zima data ulale. Wazee wetu walibeba magunia bandarini na hawakujua hata neno stresi. Komaa mwanaume, mtoto anataka maziwa.

Nesi_wa_Zamu

Naomba nimpite huyo wa juu kwanza. Mleta mada, kabla ya mambo ya mwajiri, nimesoma sentensi yako ya malori mara mbili na sijui kama wewe mwenyewe umeiona ulivyoiandika. Nakuuliza wazi wala usione aibu: hayo mawazo yanakuja mara ngapi? Umewahi kusogeza pikipiki karibu na lori makusudi? Usiku huu uko na nani hapo nyumbani? Nijibu hapa au njoo inboksi, ila nijibu.

Kitanda_cha_Ukuti

Nilifanya hiyo kazi miaka sita, taasisi nyingine mkoa mwingine, na nimecheka kwa uchungu hapo kwenye "fulani amefariki". Inaonekana mameneja wote wanafundishwa darasa moja.

Wewe Chuma hujui unachosema. Gunia ukilitua limetua. Hii kazi hailali, unakwenda nayo msibani, unakwenda nayo chumbani. Mimi nilipokea simu ya mkuu wa kanda nikiwa makaburini tunamzika baba mkwe, udongo uko mkononi, naulizwa kikundi fulani kimefunga? Nikajibu kimefunga. Kilikuwa hakijafunga. Ile jioni nilikwenda kukopa kwa rafiki laki na themanini nikaweka mwenyewe, na hapo ndo nilipoanza kuzama.

Mleta mada nisikilize hapo pa kulipia wateja, ukitoka na kitu kimoja humu toka na hiki: acha leo. Sio kesho. Ukimlipia mteja mara moja mambo matatu yanatokea kwa mpigo, mteja anajua una huruma hivyo wiki ijayo harejeshi, mfumo unaonyesha mkopo ni mzima hivyo hakuna anayejua kuna tatizo, na meneja anaamini tageti inawezekana kwa hiyo mwezi ujao anaongeza. Ile kijani ya wenzako kwenye shiti unaihusudu bure, nusu yake ni mishahara yao. Tulikuja kugundua tawini kwetu watu watano kati ya tisa tulikuwa tunalipia kimya kimya, kila mmoja anadhani ni yeye peke yake mzembe. Siku tulipoambizana, tukiwa tunakula chipsi mayai kwa mama mmoja nyuma ya ofisi, kuna jamaa mtu mzima ana ndevu zake alilia mbele ya sahani.

Tulichofanya, tulikubaliana mwezi ule hakuna anayeweka hata mia. Shiti ikawa nyekundu yote. Meneja alifoka siku tatu, ya nne akaacha, maana naye ana shiti yake kutoka kanda na huko sasa ilibidi aeleze kwa nini tawi zima. Wakaja watu wa ukaguzi, wakakuta kuna vikundi vilikuwa na wateja hewa tangu enzi za afisa aliyetangulia. Mikopo ile ikaondolewa kwenye majina yetu. Sisemi yote yalikuwa mazuri, wawili tulihamishwa vituo na mimi baadaye niliacha, ila niliacha nikiwa sina deni la mtu na nalala.

Marejesho_Mbagala

@Nesi nipo na wife, yeye kalala. Mawazo yanakuja sana asubuhi nikishaona shiti, labda kila siku siku za karibuni. Makusudi sijawahi kusogea. Ila siku moja niliacha kukwepa, sijui nielezeje, niliona linakuja na sikushtuka, dereva ndo alipiga honi. Sikumwambia mtu.

@Kitanda duh. Watano kati ya tisa.

Nesi_wa_Zamu

Asante kwa kusema, najua haikuwa rahisi. Sasa nisikilize kama unavyomsikiliza dada yako.

Mwamshe mkeo. Sio umwambie kila kitu, mwambie tu sipo sawa, nimekuwa nikiwaza kufa na nahitaji usiniache peke yangu siku hizi mbili tatu. Funguo ya pikipiki mpe yeye, panda daladala. Simu ya ofisi mpe yeye pia. Kesho asubuhi usiende tawini, nenda naye hospitali ya rufaa ya mkoa, kwako ni Temeke, ulizia kliniki ya afya ya akili. Ukiona hali inazidi usiku huu usisubiri asubuhi, dharura iko wazi saa 24. Ukifika usiseme "tumbo linakata" wakakupima taifodi ya nne, sema hivyo hivyo ulivyotuandikia hapa, ukiweza muonyeshe daktari haya maandishi.

Na hapa niseme kwa wote maana naona wengi mnasoma mnapita kimya. Mtu akisikia afya ya akili anawaza Mirembe, ile hospitali ya wagonjwa wa akili ya Dodoma, tumekua tukitaniana "wewe utapelekwa Dodoma" mpaka mtu anaona bora atibiwe UTI miaka mitatu kuliko aonekane kwenye ule mlango. Kwenye ile foleni ya kliniki mnakutana na walimu, mapolisi, watu wa benki, manesi wenzangu. Mimi mwenyewe nilikaa kwenye lile benchi mwaka mmoja baada ya korona.

Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 liliiweka hali ya kuchoshwa na kazi kwenye orodha yake ya kimataifa ya magonjwa, ila halikuiita ugonjwa, limesema ni hali inayotokana na stresi ya kazini isiyodhibitiwa. Dalili zake tatu: umechoka hata ukilala, kazi na watu wake unawaona kero, na unajiona hufai. Soma tena ulichoandika kuhusu yule mama wa mtoto aliyelazwa, wewe sio katili, hiyo ndo dalili ya pili. Ila mawazo ya kufa, usingizi kukatika kila siku na mwili kushtuka namna hiyo, hapo tumeshavuka uchovu wa kazi, inaweza kuwa sonona, na sonona ina dawa na ina ushauri nasaha. Dawa zenyewe hazifanyi kazi siku ya kwanza, zinataka wiki kadhaa, usije ukaacha siku ya nne ukasema hazijakusaidia.

Mama_Faili

Nimechelewa, nilikuwa napika. Mimi ni HR, yaani nashughulika na mambo ya wafanyakazi, sio kwenye mikopo, niko kiwandani, kwa hiyo niongee upande wa mwajiri na wa sheria.

Kwanza fanya alichosema Nesi, haya yangu yasome baadaye.

Kaka, ukiumwa sheria haiulizi unaumwa mguu au kichwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakupa siku 126 za ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36, siku 63 za kwanza mshahara kamili na 63 zinazofuata nusu mshahara. Kinachotakiwa ni cheti cha daktari, ile ED. Usipoipeleka hapo mwajiri ana haki ya kutokulipa, kwa hiyo karatasi hiyo iwe kama hela.

Masaa: mwisho ni 45 kwa wiki na 9 kwa siku, zaidi ya hapo ni ovataimu ya makubaliano, haizidi masaa 50 kwa wiki nne na inalipwa mara moja na nusu. Mameneja wakubwa hawaguswi na kifungu hicho ila afisa mikopo unaguswa. Sasa kuamka saa kumi na moja alfajiri kusomewa shiti na kuripoti saa nne usiku, hiyo ni kazi au ni stori za kijiweni? Hesabu mwenyewe. Na kama wanakukata mshahara kufidia mteja aliyekimbia, hawawezi kukata tu, lazima uwe umekubali kwa maandishi, hasara iwe ni kosa lako, uelezwe kwa maandishi na upewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya mshahara. Ila hela uliyoweka kwa hiari yako hapo kaka sina la kukusaidia, ndo maana nasema Kitanda yuko sahihi.

Kitu kingine, usiandike barua ya kuacha kazi kwa hasira. Sheria inatambua mtu aliyelazimika kuacha kwa sababu mwajiri kafanya mazingira yasivumilike, inahesabika kama kaachishwa, lakini mzigo wa kuthibitisha ni wako na muda wa kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ni siku 30 tu. Kwa hiyo sasa hivi kazi yako ni moja, hifadhi. Zile voisi, shiti zile, saa zinaonekana zenyewe. Piga picha, tuma kwenye barua pepe yako binafsi, maana siku ukitolewa kwenye grupu utabaki na hadithi. Na ulizeni kama kuna mwakilishi wa TUICO hapo ofisini, kile chama cha wafanyakazi, hata wa taasisi za fedha wanawapokea.

Sasa la kumwambia mwajiri akaelewa. Nitasema ukweli wangu japo ni aibu. Sisi kiwandani tuliwahi kufanya "siku ya afya ya akili" tarehe 10 Oktoba, tisheti, mazoezi ya viungo, mtaalamu akaja kutufundisha kupumua. Wakati huo huo shifti ya usiku ilikuwa na upungufu wa watu wanne na msimamizi anayetukana watu. Mdada mmoja wa kufungasha aliniuliza, "Nikishamaliza kupumua shifti inaongezwa watu?" Sikuwa na jibu. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa afya ya akili kazini, kuvuta pumzi kumo ila hakuko peke yake, wanataka mwajiri aguse mpangilio wa kazi wenyewe, afundishe wasimamizi kutambua mtu aliyeelemewa, na amsaidie aliyeumwa kurudi taratibu. Tulibadilisha vitu vitatu tu. ED zinakuja kwangu na sio kwa msimamizi, hivyo hakuna anayesoma ugonjwa wa mtu. Meseji za kazi mwisho saa kumi na mbili jioni isipokuwa mashine imewaka moto. Na yule msimamizi alihamishiwa stoo anakotukana maboksi. Tisheti nazo bado tunazo, watu wanafanyia usafi.

Bosi wangu hakukubali kwa huruma, nilimpelekea hesabu. Nilimwandikia waliokuwa wameacha ndani ya mwaka, gharama ya kutangaza nafasi, miezi mitatu ya mtu mpya kujifunza, na maboksi yaliyorudishwa na wateja. Huko duniani WHO, hilo hilo Shirika la Afya Duniani, na ILO, Shirika la Kazi Duniani, wanakadiria siku za kazi bilioni 12 zinapotea kila mwaka kwa sonona na wasiwasi, hasara dola trilioni moja, nikaiweka na hiyo juu kabisa. Mwajiri wa mikopo naye ana hesabu: afisa akiondoka vikundi vyake vinayumba, mnajua wenyewe.

msee_wa_South_B

Poleni sana kutoka Nairobi. Hapa kwetu hii maneno ilifika kortini, si mnakumbuka wale vijana walikuwa wanachuja video za Facebook hapa, kuchinjwa, watoto kudhulumiwa, siku nzima. Walishtaki, na daktari akapata zaidi ya 140 wako na PTSD, ule ugonjwa wa akili unabaki baada ya kuona mambo ya kutisha, na wengi wao ilikuwa kali. Kitu nilijifunza hapo ni kwamba waliambiana. Kila mtu alikuwa anafikiri ni yeye tu anaota ndoto mbaya. Ni kama hiyo story ya chipsi mayai ya bwana Kitanda.

Brathe wa Mbagala, peleka pikipiki nyumbani.

Chuma_cha_Reli

Wakuu mnanishambulia ila sawa. Sikusoma mpaka mwisho nilipojibu, hapo kwenye lori nilipita. Dogo samahani. Shemeji yangu alikuwa dereva wa basi, mwaka juzi tulimpoteza na hakuna aliyejua anawaza nini, kila siku alikuwa anacheka. Kama unahitaji mtu wa kukusindikiza hiyo kesho mimi niko Mtoni kwa Aziz Ally, niandikie.

Kitanda_cha_Ukuti

Chuma leo umenishangaza. Sawa.

Mleta mada, uko wapi? Umekaa kimya tangu saa tano.

Marejesho_Mbagala

Nipo wakuu, samahani, zimepita siku nne najua.

Nilimuamsha usiku ule ule. Nilidhani atalia, hakulia, alikaa kitandani akaniuliza "tangu lini" nikamwambia, akachukua funguo akaweka kwenye beseni la nguo za mtoto, basi. Asubuhi tulikwenda Temeke. Foleni ndefu ila niliingia. Daktari ni kijana kuliko mimi, nikampa simu asome, alisoma yote kimya mpaka nikaona aibu, halafu akaniuliza mtoto anaitwa nani. Sijui kwa nini hapo ndo nililia. Nina dawa, nina siku ya kurudi, na nina ED ya siku 14.

Simu ya ofisi anayo wife. Jana kanionyesha, jina langu liko jekundu juu kabisa, na meneja kauliza kile kitu chake, "amefariki?" Akasema hebu angalia chini. Hakuna aliyeweka kikatuni. Kimya kama dakika kumi, halafu yule mdada wa vikundi vya Chamazi ambaye hata hatusalimiani vizuri kaandika, "Anaumwa, yuko hospitali. Na mimi sijalala."

@Chuma asante kaka, tutaonana.

@Mama_Faili swali moja, hii ED naipeleka kwa meneja wa tawi au makao makuu?

Mama_Faili

Makao makuu, HR, mkeo aipeleke wamsainie nakala. Ila piga picha kwanza.